Ukilia Nakuongeza

Jumatatu asubuhi Mideva alifika shuleni akiwa na hasira ya Ijumaa. Alikuwa amelala nayo na kuamka nayo. Hata alipokuwa akinywa chai kwa shangazi yake kule Tassia, hasira hiyo ilikuwa imekaa naye mezani. Aliyemkasirisha alikuwa mtoto wa miaka kumi, jina lake Nangila.

Mideva alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Muhula huo alikuwa ametumwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi mtaani Jericho, penye zile nyumba kuukuu za kanjo, yaani za baraza la jiji. Alipewa darasa la nne. Watoto walikuwa wengi, wakikaa watatu watatu kwenye dawati la wawili. Aliipenda kazi. Aliwaokotea vifuniko vya soda wahesabie, akawafundisha nyimbo, na majina yao akayashika yote kabla ya wiki ya pili kwisha.

Nangila alikaa karibu na dirisha. Hakuwa mtoto wa kelele. Hakuiba penseli za wenzake, wala hakuchelewa kufika. Kosa lake lilikuwa moja tu: akigombezwa, anacheka.

Halikuwa cheko la sauti. Midomo ilijivuta pembeni, meno yakatoka yote, na macho yakabaki yamekukodolea. Ukiongeza ukali, nalo cheko linaongezeka.

Sasa, kwetu sisi, kila mtu anajua mtoto anayegombezwa anapaswa kuwaje. Anainamisha kichwa. Anatazama chini. Mikono iko nyuma. Mtoto anayekenua meno mbele ya mkubwa ana dharau, na ukiuliza mtu yeyote kutoka Jericho mpaka Kiamaiko, atakwambia hivyo bila kufikiri mara mbili. Mideva naye alikuwa na hakika hiyo hiyo, na hakika hiyo ndiyo iliyomponza.

Ile Ijumaa alikuwa amemwita Nangila ubaoni. Hesabu ilikuwa rahisi. Chapati imekatwa vipande vinne vilivyo sawa, umebaki na vitatu, ukala kimoja. Robo tatu ukitoa robo moja, unabaki na ngapi? Nangila alishika chaki na kusimama. Hakuandika kitu. Mideva akapandisha sauti. Nangila akacheka.

"Ticha, anakucheka," mtoto mmoja wa nyuma alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Neno hilo lilimchoma Mideva kweli kweli. Alichukua rula, akamwamuru Nangila afungue kiganja, akampiga.

"Ukicheka tena, nakuongeza," alisema.

Nangila alicheka tena. Mideva akaongeza. Akacheka. Akaongeza. Mwishowe aliyeogopa ile rula alikuwa Mideva mwenyewe, akaitupa juu ya meza.

Sheria ya Kenya imekataza kuwapiga watoto shuleni kwa miaka mingi sasa. Mideva aliijua sheria hiyo. Aliifanyia mtihani na kupita vizuri. Lakini hasira haifanyi mtihani.

Baada ya rula alimshika mtoto mkono na kumpeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Gachanja. Huyu alikuwa mtu mnene wa funguo nyingi, aliyeamini kwamba shule ni kimya. Gachanja alimtazama Nangila akikenua meno, akatikisa kichwa. Alisema wamemvumilia tangu darasa la pili na wamechoka. Baba yake ataitwa Alhamisi aje amchukue, akamtafutie shule nyingine.

Mideva alitoka ofisini akiwa ameridhika. Alijua kwamba mama yake Nangila alikuwa Busia akimuuguza nyanya. Alijua kwamba baba yake, Javan Bwire, alitoka alfajiri kwenda kuchuna mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, na kwamba katikati ya muhula hakuna shule ingempokea mtoto aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Nangila angeshinda peke yake chumbani mchana kutwa, mlango umefungwa kwa nje. Mideva aliyajua hayo yote na bado aliridhika. Ndivyo hasira inavyofanya, inakuacha na macho lakini inakunyima kuona.

Jumatano alikuja Madam Kawsar, mkufunzi wa chuo, kumtazama Mideva akifundisha. Madam Kawsar ndiye aliyewafundisha saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Alikuwa mama wa makamo kutoka Eastleigh, mtaji wake ni ukali na kalamu nyekundu. Aliketi nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

Somo lilikwenda vizuri hadi Mideva alipomwona Nangila hajafungua kitabu. Aliuliza kwa ukali kitabu kiko wapi. Cheko likatoka.

"Unaona, Madam?" Mideva alisema mbele ya darasa zima. "Hiyo ndiyo dharau yake."

Madam Kawsar alifunika kalamu yake.

Kengele ya mapumziko ilipolia na watoto wakatoka, alimwita Mideva wakae kwenye dawati la karibu na dirisha, lile lile la Nangila. Hakuanza na pole wala hongera.

"Mtihani wangu ulipata ngapi?" aliuliza.

"Sabini na nane, Madam."

"Kulikuwa na swali la hofu. Mwili wa mtu anayeogopa hufanya nini?"

Mideva alijibu haraka kama anayesoma. Moyo hupiga mbio. Mikono hutoa jasho. Misuli hukazana. Akili huacha mambo mengine yote na kushughulika na jambo moja tu, kujiokoa.

"Vizuri sana. Sasa niambie, mikono ya yule mtoto uliitazama?"

Mideva alitikisa kichwa.

"Mimi niliitazama," Madam Kawsar alisema, na sasa ilionekana wazi kwamba amekasirika. "Alikuwa ameikamata sketi yake mpaka vidole vinatetemeka. Juu anacheka, chini anakufa kwa hofu. Wewe ulisoma meno tu. Halafu unashangaa hajui hesabu. Atazijua saa ngapi, na akili yake yote iko kwenye kujiokoa na wewe?"

Mideva naye alipandwa na hasira. Alisema kwamba mtu akiogopa hulia, hacheki. Alisema wenzake wote shuleni humo wanaijua dharau ya mtoto huyo.

Madam Kawsar alimwacha amalize, kisha akamweleza. Mtoto hazaliwi na tabia zake zote, alisema, nyingi anajifunza. Anajaribu hili, anajaribu lile. Likimpa nafuu, analirudia. Lisipompa kitu, polepole linakufa. Kwa hiyo mwalimu akiona tabia asiyoielewa, asikimbilie kuipa jina. Ajiulize kwanza nini kilitangulia. Kisha mtoto alifanya nini hasa. Kisha akapata nini baadaye.

Walijaribu pamoja. Kilichotangulia kilikuwa sauti ya ukali. Alichofanya mtoto ni kukenua meno. Alichopata ni rula.

"Rula si nafuu," Madam Kawsar alisema. "Basi hapa cheko hilo halimsaidii. Lakini bado analo. Maana yake kuna mahali linamsaidia. Mahali fulani, yule mtoto alicheka akaokoka. Tafuta ni wapi."

"Na hasira yangu je?" Mideva aliuliza. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Hasira yako inakwambia wewe umeguswa wapi. Haikwambii mtoto ana nini. Hayo ni mambo mawili, na ukiyachanganya utaumiza watoto maisha yako yote, tena ukiwa na cheti."

Jioni hiyo shangazi aliuliza sufuria zimemkosea nini Mideva hata anazigonganisha hivyo. Mideva alisema hakuna kitu. Alikuwa amemkasirikia Madam Kawsar kwa sababu alikuwa amesema kweli. Alijikasirikia yeye mwenyewe zaidi. Alikuwa ameisoma saikolojia kama mtu anavyokariri majina ya milima, ya kuandikwa kwenye karatasi siku ya mtihani na kusahaulika. Hakudhani inahusu mtoto mwenye jina, anayekaa dirishani.

Alhamisi Javan Bwire alifika akiwa na gambuti miguuni na harufu ya mbuzi kwenye koti. Alikuwa ameacha kazi saa ambayo wanunuzi ni wengi. Gachanja alimsimamisha mbele ya meza, hakumpa kiti, akamsomea makosa ya mtoto kana kwamba anamgombeza yeye. Mideva alikuwa pembeni kama shahidi. Nangila alisimama katikati.

Bwire alisikiliza, shingo ikamvimba. Aibu ya mwanamume aliyegombezwa mbele ya mtoto wake ilikosa pa kwenda, ikamgeukia mtoto.

"Nangila," alisema. "Mimi ndio unaniletea haya?"

Akainua mkono. Nangila akakenua meno.

Safari hii Mideva alitazama mikono. Ilikuwa imekamata sketi, na sketi ilikuwa inatetemeka. Kisha akamtazama Bwire. Mkono wake ulisimama hewani. Ukashuka polepole. Na pembeni mwa mdomo wake, bila yeye kupenda, kikaja kitabasamu kidogo cha mtu aliyeshindwa.

"Unaona, mwalimu?" Bwire alimwambia Gachanja. "Hata nyumbani ni hivi hivi. Nikiinua mkono anacheka, na mimi nguvu zinaniisha."

Mideva alisogea hatua moja mbele.

"Na akilia, Baba Nangila?" aliuliza. "Akilia unafanya nini?"

Bwire alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Akilia? Akilia naongeza. Sitaki mtoto wa kulialia. Hata mimi mzee wangu alikuwa ananiambia, nyamaza, ukilia nakuongeza. Si wote tulilelewa hivyo?"

Ndiyo, wote tulilelewa hivyo. Unampiga mtoto mpaka aumie, kisha unampiga kwa sababu ameonyesha kwamba ameumia. Tunaiita malezi. Mideva aliisikia kauli hiyo mara nyingi alipokuwa mdogo, na siku ile ya Ijumaa alikuwa ameitoa kinywani mwake mwenyewe, akabadilisha neno moja tu. Nyumbani mtoto huyu akilia anaongezwa, akicheka anaokoka. Shuleni akicheka anaongezwa. Sasa mnataka avae uso gani?

"Bwana Gachanja," alisema, "mtoto huyu hana dharau. Anaogopa. Mimi ndiye niliyekosea, na ninaomba abaki."

Gachanja alimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa mazoezi tu, amekuja juzi na ataondoka kesho. Akamwambia ukali wa leo ndio heshima ya kesho.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alimalizia, akaziweka funguo mezani.

"Basi tumefaulu sana, mwalimu," Mideva alijibu kwa hasira. "Huyu halii kabisa. Tangu darasa la pili nani amemwona akilia? Hebu niambie tumepata nini."

Gachanja alipiga meza kwa kiganja. Alisema sawa, mtoto atabaki mpaka mwisho wa muhula, chini ya Mideva, na likitokea lolote atapiga simu chuoni na cheti Mideva atakisahau. Hakuwa amekubali hata neno moja. Alitaka tu watoke ofisini mwake.

Nje ya lango Bwire alimgeukia Mideva. Alisema amemwaibisha mbele ya mtoto. Mideva alimwomba msamaha, akamwambia wazi kwamba hata yeye alimpiga Nangila, tena kwa rula, tena kwa sababu ya kitu ambacho hakukielewa. Kisha akamuuliza swali la kazi yake. Mbuzi akifika machinjioni ameshikwa na hofu, anaweza kula?

"Hali," Bwire alisema. "Hata umwekee majani mazuri vipi, anayatazama tu."

"Ndivyo Nangila anavyozitazama hesabu zangu."

"Mtoto si mbuzi, mwalimu."

"Ni kweli. Mbuzi mnamwacha kwanza atulie."

Bwire alitema mate kando, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake Mideva alisimama mbele ya darasa na kusema jambo ambalo watoto hao hawakuwahi kulisikia kwa mwalimu. Alisema alimpiga Nangila kwa sababu ya hasira yake mwenyewe, kwamba alikosea, na kwamba hatampiga mtoto yeyote tena. Nangila alicheka, meno yote nje. Hofu ya miaka haifutwi na msamaha wa asubuhi moja.

Basi Mideva akaanza kazi yenyewe. Alipotaka kumrekebisha Nangila hakuita jina lake kutoka mbele. Alienda hadi kwenye dawati, akainama, akasema kwa sauti ya chini. Akiuliza swali, alisubiri. Kusubiri kulikuwa kugumu kuliko kupiga, maana rula inamaliza mambo haraka. Mtoto alipofanya jambo sawa, hata dogo, alilitaja lenyewe: umepanga namba zako vizuri leo, umejaribu kabla ya kuuliza. Cheko lilipotoka hakuligombeza wala hakulichekea. Aliliacha likae, akaendelea na somo. Wale wa nyuma aliwakataza kusema anacheka.

Kuna siku hasira ilimpanda mpaka kooni. Siku hizo alitoka hadi mlangoni, akavuta pumzi, akatazama nguo zilizoanikwa kwenye nyumba za jirani, kisha akarudi. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Gachanja alikuwa akipita dirishani akichungulia, akingoja darasa liharibike.

Wiki zilipita. Cheko lilipungua kidogo, likarudi, likapungua tena. Siku moja Nangila alinyoosha mkono mwenyewe. Hesabu ilikuwa ile ile ya chapati, robo tatu ukitoa robo moja. Alienda ubaoni, akatoa namba za juu, akatoa na za chini pia, akaandika mbili juu ya sifuri.

Minong'ono ikaanza. Nangila aligeuka, akaona nyuso, na cheko likaja, pana kuliko siku zote. Mideva alisogea karibu naye, akasimama tu. Hakusema kitu. Hakuinua mkono. Cheko lilikaa pale usoni likingoja kazi yake, na kazi haikuja. Midomo ikaanza kutikisika. Kisha uso wote ukabomoka, na Nangila akalia.

Alilia kwa sauti kubwa, ya mtoto mdogo kuliko umri wake. Darasa likanyamaza ghafla. Watoto wote walimtazama mwalimu, maana walijua neno linalofuata. Walilijua kutoka majumbani mwao.

"Lia, mama," Mideva alisema. "Hapa hakuna kuongezwa."

Nangila alilia mpaka kwikwi. Alijifuta kamasi kwa mkono wa sweta. Kisha, bila kuambiwa, aliokota chaki, akafuta ile sifuri, akaandika nne. Robo mbili. Aliitazama kidogo, akaifuta yote na kuandika nusu.

Ijumaa ya wiki hiyo, jioni, Bwire alikuwa amesimama nje ya lango na gambuti zake. Mkono mmoja ulikuwa na nyama iliyofungwa kwenye gazeti, mwingine ulikuwa mfukoni. Alimpa Mideva bila kumtazama usoni.

"Jana alimwaga unga," alisema. "Paketi nzima, chini. Nikainua mkono. Hakucheka. Alilia."

Mideva aliuliza alifanya nini.

"Lile neno lilinifika mdomoni. Unalijua. Sikuwa nimemsikia akilia tangu akiwa mdogo sana. Sauti ni ya mama yake kabisa. Mkono nikautia mfukoni, mwalimu. Nikauacha huko mpaka akamaliza."

Alisema hivyo kwa ukali, kama mtu anayelalamika kwamba ameibiwa. Kisha akaondoka kuelekea sokoni kununua unga mwingine, na ule mkono ulikuwa bado mfukoni.